Maoni ya Karakana Kuhusu Bi Kufuli

Tarehe 3 Februari

Kwako msomaji wa karakana, ambaye wenzako wanakuita Kinanda,

Niwie radhi kwa kimya changu. Barua yenu ya maoni ilinifikia kabla ya mwaka kwisha. Niliiweka juu ya kabati kwa nia ya kuijibu kesho yake, na hiyo kesho ndiyo leo. Sina udhuru wa maana. Nilikuwa na mafua, kisha nikapona mafua, na bado sikuandika.

Nimefundisha shule kwa miaka mingi na nimezoea kusahihisha kazi za wengine. Kusahihishwa na washonaji tisa waliokaa kwenye cherehani ni jambo jipya kwangu, na sikulichukia. Nitajibu hoja zenu.

Mwenzenu mnayemwita Mkasi anasema kwamba Bi Kufuli hawezi kuwa mpelelezi, kwa sababu analala katikati ya mahojiano. Mwambie kwamba analala makusudi. Mwenye hatia hawezi kuvumilia kumwona anayemhoji akikoroma. Atasema neno ili amwamshe. Mkasi anadai pia kwamba mwandishi wa vitabu hivi ni mwanamke. Mimi ni mwanamume, mzee, niliyefiwa na mke.

Mwenzenu mjamzito anauliza kwa nini Bi Kufuli aliwaacha watoto kwa baba yao katika kitabu cha kwanza, akatoka na kisanduku cha vifaa tu. Hoja hii naipata kwa wengi. Daktari mmoja wa meno ameniandikia kurasa sita akitaka Bi Kufuli arudi kwa mumewe kabla ya kitabu cha saba. Bwana mmoja amevificha vitabu vyangu juu ya dari ili mkewe asivisome, kisha akaniandikia kuniarifu, kana kwamba nitamtumia risiti. Jibu langu kwa wote ni moja. Sikumwumba aigwe. Nilitaka fundi wa kufuli, mwanamke mnene wa makamo, asiyekimbia, anayeitwa kufungua mlango kabla polisi hawajafika, na anayeuliza maswali yasiyo na adabu kwa sauti ya adabu. Akiwa mke mwema, atakuwa nyumbani anaosha vyombo wakati maiti inagunduliwa.

Mmesema kwamba kinachowapendeza zaidi ni mwisho wa kila kitabu, pale anapowakusanya watu wote, anaweka kufuli mezani mbele yao, na kunyamaza mpaka mwenye hatia aseme mwenyewe. Mmeandika kwamba mkifika kurasa hizo mnasimamisha cherehani zote. Nimelisoma jambo hilo mara kadhaa. Sijawahi kumwona mtu akisoma kitabu changu. Nimependezwa pia na utaratibu wenu, kwamba anayesoma hashoni, na wenzake wanagawana mapindo yake ili asibaki nyuma na kazi.

Maoni mamoja sikuyaelewa. Mmeandika: “Bibi Vifungo anasema mama wa marehemu katika kitabu cha nne si mama.” Hakuna maelezo. Nifafanulieni. Na safari nyingine barua iwe na tarehe.

Mwandishi

*

Tarehe 16 Februari

Mwalimu, shikamoo.

Nakuita Mwalimu kwa sababu barua yako ilitufanya sote tukae wima. Tarehe unaiona hapo juu. Mkasi amepata hasara: aliapa kwamba wewe ni mwanamke, tena uliyeachika, na sasa itabidi afagie karakana mwezi mzima. Bado haamini. Anasema, “Mwanamume gani anajua mwanamke anaficha wapi ufunguo? Huyo anaandikiwa na dada yake.” Nimemwambia nitakuandikia hivyo hivyo, akasema, “Andika, ananila?”

Yule mjamzito amekubali jibu lako nusu. Anasema Bi Kufuli angeweza hata kuwapelekea watoto sabuni.

Sasa kuhusu Bibi Vifungo. Yeye ndiye mkubwa wetu hapa. Anashona vifungo na matundu yake kwa mkono, amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, na huwa hachangii hoja. Siku tulipomaliza kitabu cha nne, kila mtu alisifu yule mama anayeletewa habari ya kifo cha mwanawe, akasimama na kusema, “Mwanangu ameuawa na aliyemuua namjua.” Bibi Vifungo akakata uzi kwa meno, akasema, “Huyo si mama. Mama hajui kitu. Mama anauliza kama mtoto alikuwa amekula.”  

Alikuwa na binti mmoja. Tulimjua, alikuwa akija hapa na chakula cha mama yake, anacheka na sote. Aliolewa na bwana mwenye duka la makochi, mtu anayeheshimiwa, asiyepandisha sauti. Mwaka juzi alikutwa chumbani kwake amekufa, na chupa ya dawa ya kunguni chini ya kitanda. Mume alisema binti alijikomea kwa ndani. Yeye akagonga, akaita, mwishowe akauvunja mlango kwa bega. Polisi waliandika alivyosema. Jalada likafungwa kabla ya siku arobaini kupita.

Aliacha mtoto wa kike, sasa ana miaka mitano. Mkwe anamruhusu Bibi Vifungo kumwona kila Jumamosi alasiri, sebuleni, mlango ukiwa wazi, kwa sharti moja: asimtaje mama wa mtoto. Mwalimu, huyu mama anaishi kwa hiyo Jumamosi. Ijumaa anafua gauni lile lile. Jumatatu ukimuuliza mjukuu hajambo, anakuambia jino gani linalegea. Tukikaa wiki nzima bila kumsikia akisema neno lingine, hilo la jino tutalisikia.

Ombi letu ni hili. Katika kitabu cha sita, Bi Kufuli aingie katika nyumba hiyo. Aitwe kufungua ule mlango. Hatutaki majina ya kweli wala mtaa wetu. Tunataka tu tumsikie mtu mmoja akiuliza maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Nikisoma sura hiyo, yeye atakuwa pale dirishani anasikia.

Bibi Vifungo hajui kwamba nimekuandikia haya. Tafadhali usimtaje katika barua zako, maana nazisoma kwa sauti na yeye anasikia.

Kinanda

*

Tarehe 27 Februari

Kwa Kinanda,

Ombi lenu nalikataa, na nitakueleza sababu.

Bi Kufuli ni wino. Hajawahi kufungua mlango ambao sikuujenga mimi, nikauwekea ufunguo kurasa mia moja kabla hajafika. Watu hukiri mbele yake kwa sababu nimewaamuru wakiri. Kumwingiza katika nyumba ambamo mtu amekufa kweli ni kumfanyia mama wa marehemu mzaha, hata kama nia ni njema. Mama huyo anapata saa chache za Jumamosi. Msiziguse.

Hata hivyo, nimezisoma habari zako kwa makini na nimeona mapengo. Sipendi habari isiyo kamili, na ni kwa sababu hiyo tu ninauliza. Mlango uliovunjwa kwa bega hupasua mwimo wake, ule mti wa fremu ya pembeni. Je, mwimo ulipasuka? Ulitengenezwa baadaye? Ulikuwa na kitasa au komeo? Kama ni komeo, lilifungwa upande gani wa mlango, na nani alilifunga hapo? Chumba kina mlango mwingine? Mtoto alikuwa wapi?

Ukiweza kupata majibu bila kumsumbua mtu, niandikie. Usipoweza, liache. Kitabu cha sita kinaendelea kwa mwendo wake, na hakihusiani na haya.

Mwandishi

*

Tarehe 14 Machi

Mwalimu, shikamoo.

Maswali yako nilimsomea Mkasi peke yake, stoo, nyuma ya majora ya vitambaa. Bibi Vifungo hakuwa mbali lakini hakusikia.

Jambo lilikuja lenyewe. Mkwe anaoa. Sisi ndio tunaomshonea vitambaa vya makochi yake tangu zamani, na sasa ameagiza mapazia mapya ya nyumba nzima kwa ajili ya bibi arusi. Mwajiri wetu akatutuma mimi na Mkasi tukapime. Kwa hiyo hatukumdanganya mtu, Mwalimu. Tulitumwa na utepe wetu mkononi.

Kule alikuwepo mama mzazi wa mkwe, amekaa ukumbini anatuangalia. Tulipofika kwenye chumba chenyewe, Mkasi akaenda dirishani akaanza kutaja vipimo kwa sauti kubwa kama mnadi, nami nikabaki mlangoni. Yule mama akaniuliza, “Wewe unapima mlango wa nini? Mlango nao unavaa pazia?” Nikamwambia, “Siku hizi wanaweka, mama, linazuia mbu.” Akasema, “Mbu wa siku hizi wamekuwa wakubwa.” Lakini akaniacha.

Sikiliza nilichoona. Mwimo haukupasuka. Ni ule ule wa zamani, rangi imepasuka-pasuka kwa uzee, bawaba zina kutu. Hakuna mbao mpya mahali popote. Upande wa ndani wa mlango hakuna komeo, wala hakujawahi kuwa na komeo. Ni laini kama kiganja. Kilichopo ni kitasa kibovu kisicho na ufunguo.

Upande wa nje, usawa wa bega langu, kuna matundu manne ya skrubu. Yamezibwa kwa unga wa mbao na gundi, yakapakwa rangi, ila rangi haikufanana vizuri. Kwenye mwimo, usawa huo huo, kuna mengine mawili. Nilipitisha kidole. Ukipita njia huyaoni.

Mlango haukuvunjwa na mtu yeyote. Na aliyekuwa ndani hakujifungia. Alifungiwa.

Kuhusu mtoto, Mkasi alimuuliza mtumishi wa nyumba. Mtoto alikuwa ukumbini siku hiyo, nje ya mlango.

  Tufanye nini, Mwalimu? Wewe ndiye unayejua Bi Kufuli angefanya nini. Bibi Vifungo hatujamwambia, maana tutamwambiaje bila kujua kinachofuata? Mapazia yatachukuliwa mwisho wa Aprili na mkwe atakuja mwenyewe kuyakagua. Tunangoja neno lako.

Kinanda

*

Tarehe 2 Mei

Mwalimu,

Tulingoja. Kila mwenye baiskeli aliyesimama mlangoni tulidhani ameleta barua yako. Mwishowe Mkasi akasema, “Akinyamaza ametukubalia. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kunyamaza.” Nami nilikubali. Sitamsingizia yeye peke yake.

Mkasi alikwenda dukani akanunua komeo jipya. Tulipatana wote, isipokuwa mwajiri, ambaye hakuwepo, na Bibi Vifungo, ambaye tulitaka alisikie kwanza kwa mdomo wa mkwe mwenyewe. Tulidhani hiyo ndiyo heshima.

Mkwe alipoingia, Mkasi aliliweka komeo juu ya meza ya kukatia, katikati ya mapazia yaliyokunjwa. Cherehani zote zikasimama. Tukamtazama, hatukusema neno, kama ulivyoandika. Bibi Vifungo peke yake aliendelea kupitisha uzi, kwa sababu hakujua lolote.

Katika vitabu vyako mwenye hatia anatokwa na jasho. Huyu alilitazama komeo, akaliokota, akalipima kwa vidole. Akasema, “Hili fupi. La kwangu lilikuwa refu kidogo.” Kisha akalirudisha mahali pake, akahesabu mapazia, akatia sahihi, akatushukuru kwa kazi safi. Alipofika mlangoni akageuka akamwambia Bibi Vifungo kwa upole, kama anayemhurumia kwa jua la nje, “Mama, Jumamosi usijisumbue kuja. Wala zinazofuata.”

Bibi Vifungo akamuuliza, “Nimefanya nini, baba?” Alikuwa ameshaondoka. Akatugeukia sisi. “Nimefanya nini?”

Nikamweleza, kwa kuwa mimi ndiye msomaji. Nilimweleza matundu, mwimo, kila kitu, na lile komeo liko pale mezani. Hakulia. Aliuliza, “Mmejua tangu lini?” Nikamwambia tangu Machi. Akasema, “Na kila Ijumaa mlikuwa mnaniambia nimsalimie mjukuu.” Akachukua kigoda chake akakihamishia kando ya stoo. Mpaka leo anashona ametupa mgongo.

Jumamosi alikwenda. Alisimama getini mpaka jioni. Kesho yake alikuja kazini kama kawaida.

Mimi na Mkasi tulikwenda polisi. Afisa aliandika jina la Mkasi, kisha akaiweka kalamu chini. “Mlango una matundu,” alisema. “Hata wangu una matundu.” Tukamwambia maneno ya mkwe, kwamba lake lilikuwa refu. Akasema maneno hayo yanaweza kuwa ya komeo lolote duniani. Mkasi alikataa kuondoka, kwa hiyo akamtuma askari akaangalie. Askari alirudi akasema mlango ni mpya, umewekwa juzi pamoja na mwimo wake, kwa ajili ya bibi arusi. Wa zamani umepasuliwa kuni. Afisa akatuuliza, “Nyinyi kinamama mnasoma vitabu gani?” Mkasi akamtajia. Akacheka, akasema mkewe naye anavipenda, hasa mwisho.

Mkasi ametaka niyaandike maoni yake ya mwisho, neno kwa neno: “Bi Kufuli ni mwongo. Ananyamaza kwa raha kwa sababu anajua mwandishi atamsemesha mtu. Sisi tulinyamaza na hakuna aliyesema kwa ajili yetu.”

Hatusomi tena. Kila mtu anashona mapindo yake.

Kinanda

*

Tarehe 15 Mei

Kwako Bibi Vifungo, kwa heshima,

Hunijui ila kwa sauti ya Kinanda. Mimi ndiye mwandishi wa vitabu vilivyosomwa hapo kwenu. Nakuandikia wewe moja kwa moja, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama ningekuwa na adabu niliyoidai kwa wanafunzi wangu.

Barua ya Machi, ya matundu na mwimo, ilinifikia. Niliisoma siku ile ile. Jibu sahihi lilikuwa la mstari mmoja: mwambieni mama, na msifanye kitu chochote asichokitaka yeye. Mtoto wa shule angeliandika. Sikuliandika.

Nitakueleza nilikuwa nikifanya nini. Tangu mke wangu afariki nilikuwa sijaweza kuandika hata sura moja ya kitabu cha sita. Nilimwambia Kinanda kwamba kinaendelea kwa mwendo wake. Hakikuwa na mwendo. Mlango wa binti yako ndio uliokifungua. Niliketi nikaandika, asubuhi hadi jioni, na niliacha kuwajibu kwa sababu nilihofu kwamba nikijibu, mambo yatageuka kabla sijamaliza. Siku mliposimamisha cherehani, mimi nilikuwa nasahihisha nukta.

Kitabu kimekwisha. Kina mwanamke aliyefungiwa kwa komeo la nje, na matundu yaliyozibwa kwa unga wa mbao. Mwenye duka la makochi nimemfanya mwenye duka la baiskeli, na hilo halitamdanganya mtu yeyote wa mtaa wenu. Mwishoni anakiri, kwa sababu nimemwamuru akiri. Muswada uko kwa mchapishaji. Nimemwandikia asimamishe kazi mpaka apate neno langu, na neno langu litakuwa lako.

Nataka ujue kitabu hicho kinaweza nini na hakiwezi nini. Hakuna mahakama itakayokisoma. Jalada halitafunguliwa. Kikitoka, watu watajua tu, watamtazama mkwe wako kwa namna nyingine anapopita, na huenda wengine wasimtazame kwa namna nyingine. Mjukuu hutamwona tena. Kisipotoka, binti yako ataendelea kuwa vile alivyoandikwa na polisi.

Sikuombi msamaha, kwa kuwa ungelazimika kunijibu. Sina ushauri pia. Watu niliowaandika siku zote niliwaachia njia ya kutokea, nikaita kazi hiyo ujuzi. Kwako nimeitafuta na sikuiona.

Mwandishi

*

Tarehe 9 Juni

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Hapa wanadhani sijui kusoma kwa kuwa nilikuwa nasomewa. Nilipenda tu kusomewa, macho yangu yakiwa kwenye sindano. Kinanda anasoma vizuri. Sijamwambia.

Umefanya vizuri kutoniomba msamaha.

Nilitaka kukuuliza kama yule mwanamke wa kitabuni alipiga kelele, na kama kuna mtu aliyemsikia. Kisha nikaona sitaki kujua. Usiniandikie.

Mkwe amemtuma mama yake. Alikuja na khanga mpya ya kunipa, akakaa kwenye kochi langu lililochanika, akalisifu. Akasema, “Dada, sisi ni wazee, haya mambo ya vijana tuyamalize.” Nikamwambia tuyamalize. Akanieleza yatakavyomalizwa. Kutakuwa na kikao nyumbani kwao, ndugu wote wakiwepo, na mke mpya, na mtoto amepakatwa. Nisimame niseme kwa kinywa changu kwamba binti yangu alikuwa mgonjwa wa akili, alijikomea kwa ndani, na nyumba ile haina lawama. Nikisema, Jumamosi zangu zinarudi, na sikukuu mtoto atalala kwangu. Nisiposema, wanahamia kwingine kabla ya mwezi kwisha, na hawatasema wapi.

Nilimuuliza, “Lazima mtoto awepo?” Akasema, “Yeye ndiye anayeletewa habari.”

Nikueleze jambo ambalo sikumweleza mtu. Mwaka jana, Jumamosi moja, mkwe alitoka kidogo kwenda kupokea mgeni. Mtoto akanisogelea akaniuliza sikioni, “Bibi, mama alinichukia?” Nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Nilikuwa nagonga, nalia, hakunifungulia.” Mwalimu, mimi nilikuwa na sharti langu. Niliogopa kupoteza Jumamosi. Nilimpa biskuti. Akaila.

Wakati ule sikujua kwamba mama yake hakuweza kufungua. Sasa najua. Ndicho walichonipa Kinanda na wenzake, na sijui nikiweke wapi.

Nikienda kikaoni nikasema, nitamwona akikua, nitamsuka, nitamshonea vifungo vya sare. Lakini atakuwa amelisikia kwangu, na la kwangu ataliamini. Nisiposema, atakwenda asikokujua mtu na ataambiwa vile vile na watu wengine, bila hata bibi wa kumpa biskuti. Nimeligeuza kama nguo, ndani nje, nje ndani. Mshono ni ule ule.

Mkasi ananiambia nisiende, niwatukane. Yeye hana mjukuu. Yule mjamzito ameshajifungua, ananiambia nende niseme chochote wanachotaka, nimchukue mtoto. Yeye ana mtoto wa wiki tatu, haoni kitu kingine.  Kinanda ananiwekea chai kando ya kigoda na kuondoka.

Kitabu chako usikichome wala usikichape. Kikitoka kabla ya kikao, kikao hakipo. Kikitoka baada yangu kusema, kitanikuta mimi ndiye mwongo, na mtoto akikua atavikuta vyote viwili, kitabu na maneno yangu, achague. Kiache hapo kilipo.

Kikao ni Jumapili ijayo. Gauni nimeshalifua. Maneno ndiyo sina. Nimejaribu kuyasema peke yangu mbele ya ukuta, yote mawili, la kukubali na la kukataa, na yote mawili yanatoka kwa sauti ya mtu nisiyemjua.

Nikishaamua nitakuandikia. Itakuwa barua fupi.

Bibi Vifungo